Uso wa moduli ya sinthesaiza: alumini ya fundi, akriliki au bodi ya saketi?

Kibirizi_Sauti (Kigoma): Wakuu, habari zenu. Saketi ya filta yangu ya Eurorack (mfumo wa sinthesaiza za moduli) imekamilika na inalia vizuri. Imebaki uso: urefu 128.5 mm, upana HP 8 (HP ni kipimo cha upana wa moduli), nobu nne, jeki sita. Nachagua kati ya bati la alumini kwa fundi wa madirisha hapa Mwanga, akriliki ya kukatwa kwa leza Dar, au kuagiza China bodi ya saketi tupu ndiyo iwe uso. Hela yangu inatosha jaribio moja tu. Nishaurini.

Mninga_Tabora: Mkuu, anza na upana. HP 1 ni 5.08 mm, kwa hiyo 8 ni 40.64. Usikate hapohapo, kata 40.3, la sivyo moduli ya jirani haitaingia. Uso wangu wa kwanza niliukata sawasawa na hesabu, nikashinda siku nzima napiga tupa.

Mimi ni mtu wa alumini ya 2 mm. Haipindi ukichomeka waya, na ikigusana na shingo za jeki inaungana na ardhi ya saketi (ground), ule mvumo wa umeme unapungua. Kazi iko kwenye maandishi. Stika hubanduka pale vidole vinapopita kila siku. Natumia herufi za chuma za kugonga kwa nyundo, nagonga kabla ya kutoboa, kisha napaka rangi nyeusi na kufuta ya juu.

Binti_wa_Reli: Kaka, kwa jeki sita zenye majina, mimi naenda na bodi ya saketi. Chora kwenye programu ya KiCad: mpaka kwenye safu ya Edge.Cuts, matundu, maandishi meupe juu ya rangi nyeusi, halafu toa faili za Gerber, zile za kutuma kiwandani. Shaba ukiiacha wazi kuzunguka matundu ya jeki, nayo inashika ardhi. Unene wa kawaida ni 1.6 mm, kwa HP 8 unatosha kabisa; kwa uso mpana utauona ukibonyea.

Angalia mambo mawili. Bei za ofa huwa ni za bodi isiyozidi 100 kwa 100 mm, na wewe urefu umeshapita. Pia omba namba ya oda ya kiwanda ichapwe upande wa nyuma. Kiwango cha chini mara nyingi ni bodi tano, kwa hiyo tafuta wenzako mchangie.

Akriliki niliiacha. Ilipasuka kwenye tundu la skrubu, na haina ardhi.

Kibirizi_Sauti: Asante dada. Matundu nitoboe saizi gani?

Mninga_Tabora: Jeki za 3.5 mm tunazotumia wengi, 6 mm. Potenshiometa (zile zinazovishwa nobu) ndogo za 9 mm, tundu 7 mm. Lakini pima zako kwa kalipa, matoleo hutofautiana. Kisha printi mchoro kwa asilimia 100, gundisha kwenye boksi gumu, toboa, funga nobu na uzungushe. Hapo utajua kama vidole vinapita.

Kibirizi_Sauti: Nimefanya hivyo leo. Nobu mbili za juu zinabanana, nazishusha 4 mm. Naagiza bodi. Tatu zitabaki baada ya yangu na ya akiba. Anayejenga filta hii aseme kabla sijatuma faili.

Binti_wa_Reli: Niandikie moja.