Mjadala: NVMe itaizika SATA kama SATA ilivyoizika IDE?

Mwendesha mjadala
SATA na NVMe ni njia mbili za diski kuongea na kompyuta; IDE ni ya zamani iliyotangulia SATA. Stationery moja ya Malimbe, Mwanza, jirani na chuo cha SAUT, inataka kompyuta 12 za mezani za mtumba. Muuzaji wa kwanza ana mashine za Intel kizazi cha nne, SATA tupu. Wa pili ana za kizazi cha nane, zina sloti ya M.2 (sloti ndogo ya kuchomeka diski bapa kwenye madabodi) inayokubali NVMe. Wenye duka wameambiwa SATA inakufa na kwamba atakayeinunua leo ametupa hela. Ni kweli? Njooni na vipimo, wakuu, tuache ushabiki.

Fundi, Makoroboi
Kwa diski inayobeba Windows, SATA imeshaaga. Laptopu mpya nyingi hazina hata nafasi ya diski ya inchi 2.5, ukifungua unakuta sloti ya M.2 basi. SATA 3 ilitoka 2009 na kasi yake haijaongezwa tangu hapo: gigabiti 6 kwa sekunde. Katika kila biti 10, mbili zinaliwa na usimbaji, kwa hiyo zinabaki megabaiti 600, na SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani) nzuri kabisa inakupa 550 hivi. NVMe inapita kwenye PCIe, barabara ya data ndani ya kompyuta: ya PCIe 3.0 yenye njia nne inasoma karibu 3,500, ya PCIe 4.0 inafika 7,000.

Na siyo kasi ya kusoma tu. SATA inaongea na kompyuta kwa utaratibu wa AHCI, ambao ina foleni moja ya amri 32. Hiyo ilitungwa wakati diski ni sahani inayozunguka. NVMe ilitoka 2011 ikiwa imetungwa kwa ajili ya chipu: inaruhusu foleni zaidi ya 65,000, na kila moja ina maelfu ya amri. Sasa kipi kitaibakiza SATA?

Msimika kamera, Kirumba
Kaka, kitakachoibakiza ni kazi ambazo hiyo kasi hazina haja nayo. Chukua ghala la dagaa pale Mwaloni lenye kamera 8. Kila kamera ikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde, ni nusu megabaiti. Kamera zote nane ni megabaiti 4 kwa sekunde. Diski ya sahani ya inchi 3.5 inaandika zaidi ya 100 bila kutoka jasho. NVMe hapo itakimbilia wapi?

Kinachosumbua kwenye kamera ni ujazo. Megabiti 4 saa 24 ni gigabaiti 43.2 kwa kamera moja, nane ni 345.6 kwa siku. Diski ya terabaiti 4 inakupa siku 11 na nusu, kisha inaanza kufuta za zamani. Tena huku ziwani wadudu wakijaa mbele ya taa za kamera usiku, kamera iliyowekwa irekodi panapotokea mwendo tu haipumziki, na kama kiwango cha biti (megabiti kwa sekunde) kimeachwa kijipandishe chenyewe, picha inakuwa nzito zaidi. Fungia kiwango hicho, halafu nunua diski kubwa ya SATA iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Mashine za kurekodia zenyewe zina soketi za SATA.

Mwalimu wa TEHAMA, Nyegezi
Mfano wa IDE unaotajwa kwenye kichwa cha mjadala unapotosha kidogo. SATA ilipoingia sokoni 2003 ilikuja kufanya kazi ileile, kwa diski ileile ya sahani, ila kwa waya mwembamba wa pini 7 badala ya utepe wa pini 40. Ukaondoka usumbufu wa kupanga jampa (vibanio vidogo vya kuamua diski ipi ni ya kwanza) za diski mbili kwenye utepe mmoja. Hapakuwa na sababu ya kuing'ang'ania IDE, na Intel iliitoa kwenye chipuseti zake za mezani (chipu za madabodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) mwaka 2006. Hata hivyo watengenezaji wa madabodi waliendelea kuongeza chipu ya pembeni ili soketi ya IDE ibaki, maana wateja walikuwa na CD-ROM zao.

NVMe hairithi namna hiyo. Kila diski inataka njia nne za PCIe, na njia hizo zina idadi. Prosesa ya mezani ya kizazi cha nane ina 16, na kadi ya grafiki peke yake inaweza kuzimeza zote. Zinazotoka kwenye chipuseti zinagawana na mtandao, USB na vinginevyo. Anayetaka diski 8 za kuhifadhia mafaili ya ofisi atatafuta njia 32, wakati soketi 8 za SATA zinapatikana kwenye baadhi ya madabodi. Kweli, toleo la NVMe 2.0 la mwaka 2021 limeweka utaratibu wa diski za sahani, kwa hiyo siku moja hata hizo zinaweza kuhama. Lakini utaratibu kuwepo ni jambo moja, na diski kufika dukani Mwanza ni jingine.

Mhariri wa video, Igoma
Naongeza upande wa kunakili, maana ndipo watu wanaponunua NVMe halafu wanalalamika. NVMe ndani ya kasha la USB la gigabiti 5 inakupa kama megabaiti 450 kwa sekunde. SSD ya SATA kwenye kasha la namna hiyo inakupa karibu hizohizo, kwa sababu mlango ndio unaobana. Upate kasha la gigabiti 10 na kompyuta yenye mlango wa gigabiti 10 ndipo unaona 1,000. Na video ya 4K ya megabiti 100 ni megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. Kuitazama na kuikata, SATA SSD inatosha. NVMe inalipa pale unapohamisha kazi nzima ya harusi kutoka diski moja ya ndani kwenda nyingine.

Joto nalo lipo. NVMe nyingi zikikaribia nyuzi 80 zinajipunguza kasi zenyewe. Kwenye kompyuta ya mezani yenye vumbi na feni iliyokufa, hiyo 3,500 unaiona dakika za kwanza.

Fundi, Makoroboi
Dada umenena, na kuhusu kamera nimekubali, hapo sina ubishi. Lakini stationery haina kamera 8. Ina wanafunzi wenye flashi, mafaili ya Word na foleni ya kuprinti. Twende kwenye yanayokwamisha.

M.2 ni umbo la sloti tu, haikuambii ndani kuna SATA au NVMe. Watu wanatazama mikato kwenye meno ya diski: miwili ni SATA, mmoja ni NVMe. Usitegemee hilo, kuna NVMe zenye mikato miwili pia. Soma lebo. SATA M.2 inaweza kuingia vizuri kwenye sloti ya NVMe, ukakaza skrubu, na BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta) isiione kabisa. Kwenye madabodi kadhaa ukichomeka M.2 soketi moja ya SATA inazimwa, mteja anadhani diski yake ya zamani imeungua. Fungua kitabu cha madabodi kwanza.

Na hao wanaosema "nitaweka adapta kwenye kizazi cha nne": kadi ya PCIe ya kubebea NVMe inafanya kazi, Windows 10 itaiona kama diski ya mafaili, lakini BIOS nyingi za wakati huo hazijui kuwasha kompyuta kutoka NVMe. Utaishia kubandika flashi yenye Clover, programu ya kusaidia kuwasha, nyuma ya mashine 12. Ukiichomeka kwenye sloti fupi ya PCIe 2.0 yenye njia moja, kikomo ni megabaiti 500, chini ya SATA uliyoikimbia.

Mwalimu wa TEHAMA, Nyegezi
Kwa hiyo diski siyo sababu ya kukataa kizazi cha nne. Sababu ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta). Hata kizazi cha nane kikaguliwe: chipuseti ikiwa H310, njia zake za PCIe ni za 2.0, NVMe haivuki megabaiti 2,000. Bado ni zaidi ya mara tatu ya SATA.

Msimika kamera, Kirumba
Mwalimu, na mwenye za kizazi cha nne tayari azitupe? Aweke SSD ya SATA ya gigabaiti 240 na apige Linux. Mashine ikifa, diski ileile inahamia kwenye soketi ya SATA ya kizazi cha nane kuhifadhi mafaili.

Fundi, Makoroboi
Aliyenazo asitupe. Anayenunua 12 leo achukue kizazi cha nane, aweke NVMe ya Windows, soketi za SATA aziachie diski ya mafaili. Na kila mashine iwe na UPS: umeme ukikatika SSD ikiwa katikati ya kuandika, jedwali lake la ndani, linaloonyesha data iko wapi, linaweza kuharibika, na hapo SATA na NVMe zinakufa sawasawa.