Nimepigwa Kariakoo: sabufa ya "wati 8000", kibandiko cha nyuma kinasema 40

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha ikichafuka mnivumilie.

Jumamosi nimeshuka Kariakoo na laki na ishirini yangu kutafuta sabufa ya sebuleni. Si ya kukodisha harusini, ni ya taarabu za mama watoto na mpira wa jioni, basi. Nikaonyeshwa boksi lenye maandishi ya dhahabu: 8000W PMPO, yaani eti nguvu ya kilele ya muziki. Rimoti ipo, Bluetooth ipo, pa kuchomeka flashi papo, taa zinacheza rangi zote. Kijana wa dukani akaipandisha juu ya kaunta ya bati, akachomeka flashi yake mwenyewe, akazungusha besi mpaka mwisho. Singeli ikalia, vioo vya kabati vikatetemeka, kifua kikapokea. "Kaka, hii inang'oa mabati!" Nikapunguziwa elfu tano, nikajiona mjanja.

Kufika nyumbani, debe. Singeli inasema duum, taarabu duum, hadi mtangazaji wa mpira naye duum, sauti ile ile moja. Ukivuka nusu inaanza kukoroma kama mzee mwenye mafua. Ndipo nikaelewa kwamba pale dukani kilichokuwa kinapiga besi ni ile kaunta ya bati, na duka lenyewe lilivyo jembamba kama korido.

Sasa tupige hesabu ambayo nilipaswa kuipiga nikiwa bado na hela mfukoni. Umeme wetu ni volti 230. Wati 8000 zinataka karibu ampea 35. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, haivuki wati 3000, na hii sabufa imekuja na kijiwaya chembamba kama cha chaja ya simu! Ingekuwa kweli, saa moja tu ingemeza yuniti 8 za LUKU. Mimi nimepiga jioni nzima, hata yuniti moja haijaisha. Nikaigeuza. Chini ya tundu la waya kuna kibandiko kama cha bei ya daftari: 220-240V, 50Hz, 40W. Na hizo 40 ni umeme inaovuta, si sauti inayotoa. Nyingine zinaishia kuwa joto humo humo ndani.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Kaifungua, kacheka peke yake kwanza, kisha akaniita. Transfoma ni kama viberiti viwili vilivyobebana. IC, ile chipu inayokuza sauti, ni TDA2030, ambayo fundi anasema ukiilisha umeme wa kutosha inatoa wati 14 hivi, "na humu hailishwi". Kilichoniuma zaidi ni zile spika ndogo za pembeni. Kila moja ina twita, kile kispika cha sauti nyembamba, ya rangi ya fedha, inang'aa kweli kweli. Fundi akaidonoa kwa bisibisi ikabanduka: plastiki tupu iliyogundishwa, haina waya hata mmoja. Pambo!

Nimerudi dukani Jumatatu. Kwanza nikaonyeshwa risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi". Halafu yule kijana, bila aibu: "Kaka, sisi hatujakudanganya, si imeandikwa PMPO?" Yaani uongo ukiwekewa herufi nne mbele unakuwa halali. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda kinajipimia chake. Kipimo cha maana ni RMS, ile nguvu inayotoka mfululizo, na hiyo hutaikuta juu ya boksi hata uwashe tochi. Marekani walianza kubana matangazo ya nguvu za amplifaya tangu 1974. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na maboksi ya wati 8000 yamepangwa njiani mchana kweupe.

Najua watakuja wa "kwa bei hiyo ulitegemea nini". Silalamikii udogo. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, ningeambiwa kijana hii ni wati 15 ningenunua na kushukuru, maana kwa taarifa ya habari na taarabu ya chinichini inatosha. Nalalamikia kulipia twita ya plastiki. Unayekwenda wikiendi hii, nenda na flashi yako yenye wimbo unaoujua, waambie waishushe sakafuni, na kabla ya kutoa hela igeuze usome mgongoni. Inyanyue pia. Ikiwa nyepesi kama ndoo tupu, iache hapo hapo.

Fundi anataka elfu arobaini abadilishe transfoma na spika kubwa. Anasema boksi ndilo zuri, lisitupwe. Kwa hiyo hadi hapa nimenunua boksi kwa laki na kumi na tano. Aliyewahi kufanyiwa hiyo kazi aniambie kama ilitulia, maana mama watoto anasema nikitoa hata mia nyingine kwenye lile dude nitalala nalo sebuleni.