Damu ikiwa na asidi, insulini inagoma?

Muulizaji: Wakuu, nina kisukari aina ya 1, mwaka wa tisa huu. Juzi nilikuwa natapika, nikaacha kuchoma insulini siku mbili (ujinga wangu), nikaishia wodini na pH ya damu (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) 7.1. Insulini ya dripu ikaingia saa baada ya saa, sukari inashuka kwa kujivuta tu. Siku za kawaida kiasi kile kingeniangusha. Kwa nini?

Jibu: Pole sana mkuu. Kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Ikishuka chini ya hapo, insulini haishiki vizuri vipokezi vya seli za mafuta, na ujumbe wake ndani ya seli unafifia. Glukosi inabaki nje.

Jibu: Tena seli hizo zikikosa insulini huachia asidi za mafuta, ini linazigeuza ketoni, ambazo nazo ni asidi, basi asidi inazidi. Homoni kama adrenalini na kotisoli nazo zinaipinga insulini.

Muulizaji: Mbona hawakunipa baikaboneti, ile dawa ya kupunguza asidi?

Jibu: Kwa 7.1 kwa kawaida hawatoi. Maji na insulini vikizima ketoni, asidi hupungua yenyewe. Ukitapika tena, usiache insulini ya msingi (ile ya kufanya kazi muda mrefu). Pima ketoni na wahi hospitali.