Naomba ushauri: beringi mpya ya gurudumu, taa ya ABS haizimi

Ndugu zangu, naandika kutoka Goma. RAV4 yangu ilikuwa inavuma gurudumu la mbele kulia, na mvumo ulizidi nikikata kona ya kushoto. Fundi akabadilisha beringi. Mvumo umeisha kabisa, lakini tangu siku hiyo taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu) inawaka.

Yeye anasema sensa, yaani kifaa kinachopima mzunguko wa gurudumu, imekufa, ninunue nyingine. Nasita. Beringi hii ina upande mmoja wenye pete ya sumaku ambayo sensa huisoma. Ikiingizwa kinyume, sensa haioni kitu hata ikiwa mpya. Tena aliipigilia kwa nyundo badala ya presi (mashine ya kukandamiza), jambo ambalo halikunipendeza hata kidogo. Tundu la sensa nalo limejaa kutu na lile vumbi letu jeusi la mawe ya volkano.

Je, skana (kifaa cha kusoma hitilafu za gari) inaweza kutofautisha sensa iliyokufa na beringi iliyogeuzwa? Kuichomoa beringi naogopa, kwa kawaida haifai kurudishwa tena. Breki za kawaida zinashika, ila nabeba watoto wa shule na mvua imeanza. Mafundi wa Goma na Bukavu, ningeanzia wapi?