Uvimbe kwenye figo ya babangu: mbona daktari hataki kuchukua kinyama kwanza?

KijanaWaMtopanga

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Babangu ana miaka 63, seremala, tunakaa Kisauni. Alienda kupigwa ultrasaundi ya tezi dume, yule dada wa picha akapandisha mashine juu kidogo, akakuta kitu kwenye figo ya kushoto. Mzee haumwi popote, mkojo hauna damu, na pilau anamaliza sinia.

Tukapiga CT ya dawa ya rangi. Ripoti inasema kuna uvimbe mgumu wa sm 3.6, chini ya figo, hauna mafuta ndani, na namba zimetoka 34 zikafika 118. Daktari wa upasuaji anataka akate ile sehemu tu, figo ibaki. Habari ya sindano ya kuchukua kinyama, yaani kijipande cha uvimbe kikapimwe maabara, hakuitaja kabisa.

Sasa nyumbani ni vita. Ami yangu anasema hakuna kansa bila kinyama, mtu hapasuliwi kwa picha. Halati anasema sindano ikigusa tu, ugonjwa unatawanyika mwili mzima. Babangu mwenyewe anaswali istikhara na kuendelea kupiga randa. Nani anayajua mambo haya anieleze, maana mimi ndiye nitakayeingia naye kwa daktari Jumanne.

MzeeWaSlaidi

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa maabara ya tishu, hapa hapa kisiwani. Si daktari: daktari wa patholojia ndiye anayesoma na kutia sahihi, mimi nilikuwa nakata na kupaka rangi. Yachukue basi kama maneno ya fundi.

Ami yako hakukosea kwa ugonjwa wa titi au wa tezi dume. Huko kinyama hutangulia, mengine yakafuata. Figo ina desturi yake. Hizo 34 na 118 ni vipimo vya Hounsfield, vya jinsi kitu kilivyo kizito kwenye CT: maji ni 0, mafuta yako chini ya sifuri, karibu na -100. Uvimbe wa babako kabla ya dawa ulikuwa 34, dawa ilipoingia ukapanda kwa 84. Kitu kikipanda kwa 20 au zaidi, kina mishipa na kinanywa damu. Mfuko wa maji tu haupandi. Kwa mtu mzima, uvimbe mgumu wa figo unaokunywa damu hivyo na usio na mafuta, mara nyingi ni saratani. Si kila mara: katika zile ndogo zisizozidi sm 4, kama moja katika kila tano ikishatolewa hukutwa si saratani.

Hapo daktari wa kisu hupiga hesabu yake. Sindano ikisema ni saratani, atakata. Ikisema haikuona kitu, hatoiamini, kwa sababu huenda ilichoma pembeni. Basi kwa mtu mwenye afya, na uvimbe ulio mahali pa kufikika, wengi huenda moja kwa moja, na kinachotolewa ndicho kinyama chenyewe.

Sindano ina siku zake. Mgonjwa aliyewahi kuwa na saratani mahali pengine, maana huenda imehamia figo. Ikishukiwa limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, ambayo hutibiwa kwa dawa, si kwa kisu. Ikifikiriwa ni jipu. Mwenye figo moja tu. Mzee asiyeweza operesheni, anayetaka kuchomewa uvimbe kwa joto au kuuangalia tu mwaka hadi mwaka. Na yule ambaye ugonjwa umeshasambaa, dawa haziwezi kuchaguliwa bila kujua ni aina gani. Muulize daktari kama babako yumo katika hao. Ukiuliza hivyo hatakasirika. Ukimwambia "ami anasema", atakasirika.

Mpoze na halati. Kutawanya kwa sindano kumeandikwa, ila ni nadra sana, na siku hizi sindano hupitishwa ndani ya mrija wake ili isiguse nyama za njiani. Linalotokea zaidi ni damu kuvuja kuzunguka figo, na mara nyingi hukoma yenyewe. Jingine ni kupata kinyama kisichosomeka, asilimia 10 hadi 15 hivi. Nilikuwa nafungua kichupa nakuta kijipande cha unene wa milimita moja, kimeelea juu ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Kikielea, moyo unashuka: hayo ni mafuta ya kuzunguka figo, uvimbe wenyewe haukuguswa.

FilamuZaPwani

Mzee kamaliza mengi. Mimi niko upande wa picha. Ubora wa CT ya figo uko kwenye kungoja. Unapiga kabla ya dawa, unapiga tena karibu sekunde 30, unarudia karibu sekunde 100, na wakati mwingine dakika kadhaa baadaye. Watu hutuletea CT ya tumbo iliyopigwa mara moja tu, dawa ikiwa imeshaingia. Hapo utasema kimepanda kutoka wapi? Ya babako ina namba mbili, imepigwa sawasawa.

Hilo la mafuta lina uzito. Tukipata sehemu iliyo chini ya -10, kwa kawaida ni angiomayolipoma, uvimbe wenye mafuta na mishipa, si saratani, na mjadala wa kisu hubadilika kabisa. Na ultrasaundi pekee msiiamini sana upande wa kushoto, wengu ukiikandamiza figo hujitokeza nundu ambayo ni figo yenyewe, wenyewe tunaiita nundu ya ngamia. Kwenye CT nundu hiyo hunywa dawa sawa na figo iliyobaki.

Jumanne nenda na CD yenyewe, usibebe ripoti peke yake. Na kama mzee ana sukari na anameza metfomini, semeni kabla ya CT nyingine yoyote, pamoja na kreatinini yake ya karibuni, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo.

MamaWaLikoni

Mume wangu alipasuliwa hivyo hivyo, picha ikisema saratani. Majibu yakaja: onkositoma, si saratani. Nililia kwa furaha mpaka feri ikafika ng'ambo, halafu usiku nikakasirika. Kumbe alikatwa bure? Hakuna aliyetukalisha chini akatueleza. Babako aulizwe mara mbili.

MzeeWaSlaidi

Mama, pole, na hasira yako ina haki yake. Nitakueleza walichopaswa kukueleza. Onkositoma kwenye picha hunywa dawa kama saratani. Vitabu vinataja kovu katikati, lakini kovu hilo si kila onkositoma inalo, na saratani nyingine huwa nalo pia. Hata kwa sindano, onkositoma na saratani iitwayo kromofobi hufanana sana, zote zina seli za waridi zilizojaa. Daktari huagiza rangi maalumu, kama CK7, ambayo kwenye kromofobi kwa kawaida hushika seli nyingi na kwenye onkositoma hushika chache zilizotapakaa. Kwenye kijipande kidogo, wakati mwingine hata hiyo haiamui.

Figo nzima au kipande kizuri ni kazi nyingine. Ukiukata tu uvimbe kwa kisu, macho yanaanza kukwambia. Onkositoma ni kahawia. Ile saratani ya kawaida kabisa, ya seli angavu, ni ya manjano iliyokolea yenye madoa mekundu ya damu, kama achari ya embe. Manjano hayo ni mafuta. Tunakipitisha kwenye alkoholi, kisha zailini, kisha nta, tunakikata mikroni 3 au 4. Njiani mafuta na sukari vyote vimeyeyuka, na chini ya darubini seli zinabaki tupu, kuta tu na kiini. Ndiyo "angavu" yenyewe.

Wewe kijana, siku ya operesheni uliza jambo moja ambalo watu hawaulizi: kinyama kitawekwa kwenye nini, na saa ngapi. Fomalini ya asilimia 10, iwe mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na chombo kipana. Nimepokea figo imeshindiliwa kwenye kopo jembamba, nje imekauka na ndani imeanza kuoza, na hakuna rangi itakayookoa hiyo. Fomu nayo iandikwe kile CT ilichoona. "Figo, tafadhali" si maelezo.

KijanaWaMtopanga

Shukran sana mzee, na nyote. Ami nimemsomea yote, amenyamaza, ambalo kwake ni kukubali. Halati bado. Majibu yakija niangalie nini?

MzeeWaSlaidi

Angalia aina. Halafu daraja, yaani ukali wake, 1 hadi 4, ambalo husomwa zaidi kwa jinsi kijikiini kinavyoonekana ndani ya kiini cha seli. Ikiwa ni kromofobi usilitafute, haipewi daraja hilo. Halafu kingo: zimepita kwenye nyama safi au la. Halafu hatua, yaani ugonjwa umefika wapi, huandikwa kwa herufi na namba. Sm 3.6 iliyobaki ndani ya figo ni pT1a, lakini ikikutwa imeingia kwenye mafuta ya nje au kwenye mshipa inaruka hadi pT3a, hata kama CT haikuona. Usishtuke picha na darubini zikitofautiana kwa hilo.

Na uandike namba ya bloku, kile kipande cha nta chenye kinyama ndani. Zile nta huwekwa miaka, haziharibiki, na ukitaka daktari mwingine asome, Nairobi au popote, unaomba slaidi na bloku, mgonjwa hachomwi tena. Halati mwambie anipigie kupitia kwako, nitaongea naye mimi.

FilamuZaPwani

Mzee ana aspirini au dawa ya kulainisha damu? Lisemwe Jumanne hiyo hiyo, na asiache mwenyewe mpaka daktari amwambie.

KijanaWaMtopanga

Anameza aspirini ya presha kila usiku. Hatukumwambia daktari. Naandika sasa hivi kwenye karatasi ya Jumanne.