Mcheza tarantela mwenye jina la F. Duret: bronzi au zinki?

Swali

Wakuu, naomba msaada wa kutambua sanamu. Kijana anacheza tarantela, ngoma ya Kiitaliano, kwa kusimama mguu mmoja, kofia ya mvuvi kichwani, kastaneti (vigonganishi vidogo vya vidoleni) mikononi. Kwenye kitako pameandikwa "F. Duret". Urefu pamoja na kitako ni sm 43. Rangi ni kahawia, ila gotini na kwenye ncha ya pua imelika na panaonekana kijivu. Sumaku hainasi. Muuzaji anasema ni bronzi ya 1833. Nipime nini kabla ya kulipa?

Jibu la 1

Sumaku inakwambia tu kwamba si chuma. Bronzi hainasi, na zinki hainasi.

Hicho kijivu ndicho kinachomsuta muuzaji. Pua na goti ndivyo vinavyoguswa na kufutwa mara nyingi, na bronzi ikilika hapo hutoa manjano yenye wekundu, haitoi kijivu. Uhakikishe hivi: pindua sanamu, tafuta mahali pasipoonekana ndani ya kitako, kwaruza mm 2 kwa ncha ya kisu. Usikwaruze juujuu, maana zinki nyingi zilipakwa ngozi nyembamba ya shaba kwa umeme. Ukiishia kwenye ngozi utadanganyika.

Kisha igonge kwa fundo la kidole. Bronzi hulia na sauti ikabaki kidogo, zinki hutoa "tup" na kunyamaza. Angalia pia kifundo cha mguu aliosimamia. Uzito wote uko hapo na zinki ni kavu, huvunjika, kwa hiyo mara nyingi utakuta lehemu iliyofunikwa kwa rangi.

Jibu la 2

Kuhusu 1833: huo ni mwaka mchongaji Mfaransa Francisque Duret alioonyesha sanamu ya asili, ile kubwa, kwenye maonyesho ya sanaa ya Paris yaitwayo Saluni. Ilisubiwa na Honoré Gonon kwa njia ya nta inayoyeyushwa, na iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Za mezani ni nakala zilizopunguzwa, za baadaye. Zinazotafutwa zaidi ni za kiwanda cha Delafontaine, na jina lake huwa limepigwa kwenye kitako. Mara nyingi ziliuzwa jozi na sanamu yake nyingine, mvuna zabibu wa 1839.

Nakala za viwandani zilisubiwa kwa kalibu za mchanga. Mikono iliyoinuliwa haitoki kirahisi kwenye mchanga, basi husubiwa peke yake, ikachomekwa, ikapigiwa pini na kupitishwa tupa. Tazama kwapani kwa taa ya pembeni: kazi nzuri ina mstari mwembamba kama unywele, au hauonekani kabisa. Ukiona tuta la lehemu, shuku.

Hata ikiwa bronzi, kuna mtego wa pili: nakala iliyotolewa kwenye nakala. Bronzi ikipoa husinyaa kama asilimia 1.5 hadi 2, hivyo ya sm 43 itazaa ya sm 42 na kitu. Linganisha na saizi ileile iliyothibitishwa katika orodha za minada, lakini pima mwilini, mfano kidevu hadi goti, kwa sababu kitako hubadilishwa. Na vidole vya miguu viwe vikali. Vikionekana kama sabuni iliyotumika, ni kalibu ya mkono wa pili.

Muuliza swali

Nimekwaruza, ni kijivu hadi ndani. Bei ikishuka nitaichukua tu kwa umbo. Naweza kuisafisha kwa ndimu na majivu kama sinia?

Jibu la 1

Hapana kabisa! Asidi ya ndimu hula zinki, na majivu yatamaliza rangi iliyobaki. Futa vumbi kwa brashi laini, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kausha papo hapo, halafu paka nta safi isiyo na dawa ya kung'arishia, nyembamba, na usugue kwa pamba. Goti liache lilivyo. Ukilipaka rangi ya dhahabu litaonekana kiraka.