Ushauri wa haraka: mdogo wangu amesaini maelezo ya wizi ambao hakufanya

Kaka_Mkubwa: Wakuu, habari za usiku. Mdogo wangu, miaka 19, ni kibarua kwenye stoo ya vitenge Kariakoo. Marobota 6 yamepotea. Alikamatwa Jumanne asubuhi, Jumatano mchana akasaini maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa polisi, kwamba alikata kufuli la mlango wa nyuma akaiba. Hakuiba. Jumatatu anasomewa shitaka. Naomba kujua kitu kimoja tu: akikiri mbele ya hakimu, adhabu inapungua?

Mama Tunu: Pole baba. Wangu naye alishikwa na pikipiki ya watu, nikakesha kwenye benchi na chupa ya uji. Kumbe makundi! Muulize vizuri, mtu hasaini bure.

Kisiki: Mama, watu husaini. New York, 1989, vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walishtakiwa kwa kumbaka mwanamke bustanini Central Park. Wanne walirekodiwa video wakikiri, baada ya kuhojiwa masaa mengi. Vinasaba havikulingana na vya yeyote kati yao, wakafungwa hivyo hivyo. 2002 mfungwa mwingine, Matias Reyes, akasema ni yeye, na vyake vikalingana. Hukumu zikafutwa. Mtu aliyechoka hawazi jela ya mwakani, anawaza kutoka kile chumba. Mtoa mada, nani alikuwa naye aliposaini?

Kaka_Mkubwa: Mpelelezi tu.

Dalali wa Buguruni: Hii chai. Kama hukuwepo, umejuaje kilichoandikwa? Na asiyeiba amejuaje kufuli lililokatwa ni la nyuma? Wakuu tusipotezeane muda.

Kaka_Mkubwa: Si chai. Nilikuwepo.

Jumatano niliitwa. Mpelelezi akasema dogo akikubali, dhamana inatoka leo leo, tutamalizana na tajiri. Picha ya lile kufuli ilikuwa mezani muda wote. Dogo alikuwa hajala tangu jana yake. Mimi ndiye niliyemwambia, "Saini twende nyumbani." Akaniangalia, akauliza aandike wapi jina.

Dhamana hakupewa. Ningefanyaje? Mama ana presha. Na tajiri nimeshampa laki 8, imebaki milioni 2. Ndiyo maana nasema akiri, yaishe.

Mama Tunu: Ya Rabi. Nisamehe baba.

Kisiki: Usilipe hata shilingi nyingine kabla ya kuonana na wakili. Na asikiri Jumatatu. Akikiri kwa hakimu anatiwa hatiani palepale, hayo maelezo hayatahojiwa tena. Akikana, wakili atayapinga yakitolewa, itasikilizwa kesi ndani ya kesi, ya maelezo hayo tu, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alisema kwa hiari. Ahadi ya dhamana inaweza kuvunja hiari. Muda wa kumhoji nao ni masaa manne tangu awe chini ya ulinzi, kuongeza kuna utaratibu wake. Wewe uliisikia ile ahadi, wewe ni shahidi.

Dalali wa Buguruni: Kama kweli, weka namba ya jalada.

Mama Tunu: Usiweke kitu hapa! Wakili umepata?

Kaka_Mkubwa: Bado. Kesho nampelekea chakula, nitamwambia akane. Sijui nianzeje, maana mara ya mwisho kumshauri ndiyo ile. Mama bado anadhani alipigwa.